Jiwe la Bondia wa Kiabakari

Wenzangu mliobaki karakanani mmenisumbua mpaka nimenunua daftari. Mnasema niandike nilivyofanya kazi tangu siku ya kwanza, asije mtu kesho akadai kwamba kuchonga herufi kwenye jiwe kulianza siku mashine zilipoletwa. Sawa, nimekubali. Lakini habari za vyeo zisahauni. Karakana yetu ya Nyasho haijawahi kuwa na vyeo zaidi ya viwili, fundi na anayemletea fundi maji, na mimi nimevishika vyote. Nitaandika habari za mawe.

Nilianza na maji. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba kwetu Suguti, mwandiko wangu ukisifiwa shule nzima, na shangazi yangu aliyekuwa akiuza dagaa mjini Musoma akasikia kuna mzee anatafuta mtu wa kumwagia maji terazo, ile saruji yenye chembe za mawe, wakati wa kuisugua. Mzee huyo ndiye Majura. Alichonga mawe ya makaburi na mawe ya msingi. Alikuwa mwembamba, kope zake nyeupe kwa vumbi saa zote, na sauti yake ndogo hakuwahi kuipandisha hata nyundo iliposhukia kidole. Siku ya kwanza alinitazama miguuni akaniuliza kama nina viatu. Nikasema sina. Akasema, "Basi leo utajifunza kutodondosha kitu."

Nilimwaga maji muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Siku moja akanikuta naandika majina ya wadogo zangu ukutani kwa mkaa. Nikadhani kazi imeisha, nikaanza kufuta kwa kiganja. Akaniambia niache, akasimama pale akiyasoma moja baada ya jingine, kisha akaingia ndani akatoka na patasi ndogo. "Mwandiko unao," akasema. "Sasa uandike polepole." Akanifundisha kuishika kwa vidole vitatu, kama mtu anayemega ugali wa moto. Ukiikaba, inakukataa. Wale wenu mnaoikaba bado mnajijua.

Mzee Majura alikuwa na desturi moja ambayo nyote mnayo, kwa sababu na mimi niliwaambukiza. Alipiga mstari wa katikati kwa uzi wa chaki, kisha kabla ya herufi yoyote akachonga msalaba pale juu. Hakusubiri maneno yapimwe, hakusubiri mteja amalize kuamua kama marehemu ataitwa "mpendwa" au "mpendwa wetu". Msalaba kwanza. "Huo ndio uti wa mgongo," alikuwa akisema. "Ukikaa sawa, maneno yote yatajipanga kulia na kushoto kwake." Wateja wetu karibu wote walikuwa Wakristo wenye makaburi ya kujengea. Waislamu waliokuja mara moja moja tuliwaanzia na hilali mahali pale pale, na shule za serikali tulizianzia na mwenge. Lakini msalaba ndio uliokuwa mkate wetu wa kila siku. Mkono wangu ulizoea hadi nikawa nauchonga huku nabishana na mteja kuhusu jambo jingine kabisa.

Kuhusu wateja, nilichoka nao kwa muda mrefu. Mtu anaingia, ananikuta na nyundo mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi, halafu ananiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikawa nawajibu kwamba fundi ametoka kidogo, waniachie mimi maelezo. Waliporudi kuchukua jiwe walisema, "Mwambie fundi ahsante." Salamu hizo nilimfikishia kila jioni kwenye kioo, nilipokuwa nanawa uso.

Mawe ya msingi yana ugonjwa wake, na dawa yake sikuwahi kuipata. Jina la shule huandikwa kwa herufi za kati, jina la mheshimiwa aliyekuja kuvuta kitambaa kwa herufi kubwa, na jina la mwashi halipo. Nimechonga mawe ya zahanati ambayo mtu akiyasoma anaweza kudhani mheshimiwa ndiye anayetibu.

Makaburi yana watu wa aina yake pia. Kulikuwa na mzee wa Bunda, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wengi, aliyeagiza jiwe la kaburi lake mwenyewe akiwa mzima kabisa. Alitaka majina ya watoto wake wote yawepo, kwa sababu hakuamini kwamba wa nyumba moja wangekumbuka kuwaandika wa nyumba nyingine. Nikachonga, nikaacha nafasi ya tarehe. Baada ya muda akarudi: kuna mtoto ameongezeka. Nikaongeza. Akarudi tena. Ikawa nikimwona tu anashuka kwenye baiskeli najua mke mdogo amejifungua. Siku moja nikamwambia, "Mzee, jiwe limejaa." Akalizunguka, akalikagua kama anayenunua dume la mbegu, akasema, "Mbona ubavuni bado kuna nafasi?" Alizikwa na jiwe lenye majina hadi ubavuni, na watoto wote walikuwepo kujitafuta.

Mzee Majura alifariki nikiwa tayari nimeshika karakana. Aliniachia patasi zake saba, uzi wa chaki, na ile desturi yake. Kaburi lake nilimwekea saruji tupu, kwa sababu alitukataza katakata tusipoteze jiwe zuri kwa mtu asiyeweza tena kulikosoa. Jambo hilo lilinikera kwa miaka.

Sasa nifike Kiabakari, maana najua ndiyo mnayoingoja.

Ilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Wakaja watu wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Wambura, anayefundisha sekondari na ambaye ni katibu wa klabu ya ngumi ya Kiabakari. Wa pili alikuwa Mzee Magige, anayekaribia miaka tisini, amemshika mwalimu bega kwa sababu macho yake yanaona kivuli tu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Ni mimi, mzee."

Akanyoosha mkono, nikampa wangu. Akapapasa sugu za kiganjani moja moja. "Kweli ni wewe," akasema. Alikuwa mteja wa kwanza kuniamini bila kuoneshwa kazi, nami nilimpenda papo hapo.

Walitaka jiwe la kumbukumbu la bondia. Si bondia wa hapa. Aliitwa Emil Rozman, Myahudi kutoka Ujerumani, na vijana wa mgodi wa dhahabu walimwita Mwalimu Emili. Kwao alikuwa bondia wa kuaminika, mwenye mikanda, hadi utawala wa Hitler ulipoingia na Wayahudi wakafukuzwa ulingoni, kisha kwenye kazi, kisha kila mahali. Akakimbia. Dunia ikamzungusha hadi akatua Kiabakari kama fundi wa pampu za mgodi. Jioni, baada ya zamu, akawa anajaza mchanga kwenye magunia, anayatundika kwenye ukumbi wa wafanyakazi, anayapiga peke yake. Vijana wakawa wanachungulia dirishani.

"Mimi nilikuwaga na miaka kumi na saba," Mzee Magige akaniambia, amekaa kwenye gogo letu la kukalia wateja. "Akatuita ndani. Akatufunga vitambaa mikononi, akasimama katikati, akasema, 'Nipige.' Aah! Nani ampige Mzungu enzi zile? Ulikuwa unafungwa! Tukatazamana. Akasema tena, 'Nipige.' Nikafumba macho nikampiga ya pua. Damu. Nikajua leo nalala ndani. Yeye akajifuta, akasema, 'Umefumba macho. Rudia, uyafumbue.'"

"Ukarudia?"

"Nimerudia miaka yote hiyo, mwanangu. Mpaka sasa macho yamejifumba yenyewe."

Mzungu mwenzake mmoja alimfuata akamwonya kwamba haifai kuwafundisha Waafrika kumpiga mtu mweupe. Mwalimu Emili akamjibu kwamba kule kwao alishawahi kuambiwa nani anafaa ulingoni na nani hafai, na habari hiyo alishaisikia ya kutosha. Akaendelea. Baadaye aliondoka akaishia London, akaoa akiwa mtu mzima, akapata binti mmoja, akafanya kazi kwenye duka la viatu. Nyumbani hakusimulia ngumi hata siku moja. Alipofariki hakuna aliyejua, isipokuwa kwamba miaka mingi baadaye binti yake, Ruth, aliandika barua shuleni Kiabakari kuuliza kama kuna anayemkumbuka baba yake. Barua ikamfikia Mwalimu Wambura. Naye akampelekea Mzee Magige.

Binti alikuwa anakuja. Angekuwa Kiabakari siku moja tu, Jumamosi, kisha safari yake iendelee.

"Tulikuwaga vijana wengi," mzee akasema. "Wote wamekwenda. Aliyebaki aliyemwona kwa macho ni mimi. Nataka nimkabidhi huyo binti jina la baba yake, hapo hapo alipotufundishia, kwa mkono wangu huu. Nisipofanya mimi, atabaki kuwa Mzungu fulani wa mgodini." Kisha akaniuliza kama herufi zitachongwa au zitapakwa rangi tu. Nikasema zitachongwa. "Ziwe na kina," akasema. "Nitazisoma kwa vidole."

Mwalimu Wambura akatoa karatasi ya kamati. Maneno yalikuwa mengi kama kawaida ya kamati: jina, kazi, ukumbi, klabu, shukrani, na chini kabisa mistari mitatu ya mheshimiwa diwani atakayelifunua. Nikahesabu herufi, nikaagiza bamba zuri la marumaru nyeupe kutoka Mwanza. Lilichukua wiki tatu kufika. Nawaeleza hivyo mjue kwamba jingine lisingepatikana kirahisi.

Jumatano asubuhi nilianza. Nililisimamisha bamba, nikapiga uzi wa chaki, nikawasha redio. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo ambao tunauimba kanisani kwetu, nami nikawa naitikia sauti ya pili. Asubuhi ilikuwa nzuri, upepo wa ziwani unaingia, patasi inalia vizuri. Nakumbuka nilikuwa nafikiria kustaafu, kwamba nitapanda mihogo. Wimbo ulipokwisha nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia kazi.

Pale juu, katikati kabisa, palikuwa na msalaba. Mzuri sana. Sijawahi kuchonga msalaba ulionyooka kama ule.

Nilikufa ganzi. Mtu amefukuzwa nchini kwake kwa sababu ni Myahudi, amezunguka dunia nzima, na sisi watu wa Mara tunataka kumshukuru, na fundi wao anambatiza kabla hata hajaandika jina lake. Kina cha msalaba ule kilikuwa nusu ya kucha. Usingeweza kukiziba, na anayeziba marumaru kwa saruji nyeupe na gundi hajui kwamba mvua ya kwanza itamsema. Nilizima redio, kana kwamba yenyewe ndiyo yenye kosa. Nikakaa kwenye gogo. Zilibaki siku tatu.

Ninyi mlikuwepo, mkanishauri nigeuze bamba nichonge upande wa pili, msalaba uangalie ukuta, hakuna atakayejua. Nashukuru kwa nia njema. Lakini ningejua mimi, na yule mzee aliyenipapasa kiganja akaniamini asingekuwa na namna ya kujua. Nikavua aproni, nikaita bodaboda, nikapiga moyo konde hadi Kiabakari.

Nilimkuta Mzee Magige ukumbini, amekaa kwenye benchi anasikiliza vijana wakifanya mazoezi. Anawafundisha kwa masikio. "Wewe wa kona ile, mguu wako wa nyuma unaburuza," anasema, na kweli unaburuza. Nikampigia magoti nikamweleza yote, hadi ile kwaya na ile sauti ya pili. Mwalimu Wambura, aliyekuwa amesimama pembeni, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mzee aligeuza sikio upande wangu. "Umelia?" akaniuliza.

"Kidogo, mzee."

"Basi inatosha. Sasa sikia cha kuweka pale juu." Akageuza uso kuelekea kwenye sauti za vijana. "Mwalimu Emili alikuwaga na bukta nyeusi, ina nyota nyeupe ya pembe sita. Sisi tukajua hiyo ni alama ya mabingwa. Tulipokwenda kupigana na timu ya Musoma, tukasema na sisi tuwe nayo. Dada zetu wakakata gunia la unga, wakatushonea kila mtu ya kwake. Siku ya pambano tukavua makoti, tumepanga mstari, nyota nyota nyota. Mwalimu akauliza, 'Nani amewavalisha hizi?' Tukasema, 'Sisi wenyewe. Tunataka kuwa kama wewe.' Mwanangu, yule mtu alikaa chini akafunika uso na taulo. Tukadhani tumemkosea. Tukaanza kuzing'oa. Akapiga kelele, 'Acheni! Msitoe!' Ndiyo akatuambia. Kule kwao ile nyota ndugu zake waliobaki walilazimishwa kuivaa kwenye makoti, ili kila mtu awajue, awatemee mate. Wengi hawakupona. Akasema hajawahi kuona mtu anaivaa kwa kupenda, ambaye hata si mmoja wao."

Nilikuwa sioni vizuri. Nikauliza tu, ili niseme kitu, "Mkashinda siku hiyo?"

"Tulipigwa vibaya sana," akasema kwa fahari. "Wote. Lakini hakuna nyota iliyotoka."

Tukakubaliana nikate sehemu ya juu yote yenye msalaba. Bamba lingepungua, na maneno ya kamati yasingeenea tena. Mwalimu Wambura akafungua ile karatasi akaanza kusoma ili tuchague cha kuondoa. Mzee akamkatisha.

"Andika nyota. Andika jina lake. Andika bondia. Andika Myahudi, na hiyo iwe kubwa, maana ndiyo neno walilomfukuzia. Andika alitufundisha hapa. Basi."

"Na mheshimiwa diwani, mzee?"

"Diwani alimwona?"

"Hapana."

"Basi asubiri jiwe lake." Kisha akanigeukia. "Lakini wewe fundi, yule binti utamwambia mwenyewe ulichofanya. Mwalimu Emili hakutufundisha kumficha mtu ngumi. Utasimama mbele yake umwambie." Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Alhamisi nilikata kwa grainda, maji yakitiririka, nimeshika pumzi kama mwanafunzi. Marumaru ina mishipa, ukikosea inapasuka hadi mwisho, na hapo ningekuwa na mawe mawili ya kuombea radhi. Haikupasuka. Kile kipande cha juu chenye msalaba nilikipeleka jioni ile ile kwenye kaburi la Mzee Majura, nikakisimika juu ya saruji yake. Msalaba ule ulikuwa wake kuliko wa mtu yeyote. Alikataa jiwe zuri akiwa hai, safari hii hakuwa na la kusema.

Nyota ya pembe sita sikuwahi kuichonga. Ni pembetatu mbili, moja imekaa juu ya nyingine kichwa chini, na ukikosea unywele mmoja inakuwa ua. Nilichora mara nyingi kwenye ubao kabla ya kuigusa marumaru. Redio sikuiwasha tena, ikabaki imezimwa hadi nilipostaafu. Ijumaa saa sita mchana herufi zote zilikuwa zimekaa, zenye kina cha kusomeka kwa kidole.

Ulibaki ule ukingo wa juu niliokata, mkwaruzo mtupu, na ukingo husuguliwa kwa mkono, kwa jiwe la kusugulia na maji, hadi ung'ae kama sehemu nyingine. Ni kazi ya siku nzima kwa mtu mmoja. Nilikuwa nimekata tamaa niuache hivyo hivyo, pikapu ikaingia. Mwalimu Wambura alikuwa amekuja kuchukua jiwe, na nyuma wamejaa mabondia wake kumi na wawili, na mbele amekaa Mzee Magige ameshika sufuria na mwiko wa chuma.

"Raundi ni dakika tatu," mzee akatangaza. Akapiga sufuria. Wa kwanza akashuka na jiwe la kusugulia, kifua mbele, mikono kama ya kupigana na ng'ombe. Dakika mbili baadaye ulimi nje. Akapiga sufuria, wa pili akaingia. Niliwafundisha: usilikandamize, liachie uzito wake, nenda duara. Mabondia wanaomaliza raundi nne wakawa wanashindwa na marumaru. Majirani wakatoka. Muuza chipsi akaacha mafuta yake. Watu wakawa wanashangilia ukingo wa jiwe, mnakumbuka, na ninyi mkiwa wa kwanza kupiga kelele. Kijana mmoja alipoanza kupaka maji kwa madaha, mzee akamwambia bila kumwona, "Wewe unaosha sahani?" Watu wakavunjika mbavu. Saa kumi jioni nikapitisha kidole gumba kwenye ukingo ule, na haukushika hata uzi. Nimefanya kazi na watu wengi, lakini sijawahi kufurahi hivyo karakanani.

Jumamosi asubuhi na mapema tulilifunga jiwe kwenye ukuta wa ukumbi, nje, kando ya mlango, kimo cha kifua ili mzee alifikie. Tukalifunika kwa kitenge. Mheshimiwa diwani akaja mapema, akaomba kuchungulia, tukamwinulia pembe. Alisoma jiwe mara mbili, mara ya pili akianzia chini. "Jina langu limeishia wapi?" akauliza. Nikamweleza mkasa wote, maana nilikuwa nafanya mazoezi. Akanitazama, akacheka, akasema, "Kwa hiyo leo nimekuja kama mwananchi tu." Akaenda kukaa kwenye benchi na vijana, akala mahindi ya kuchemsha, na nadhani alifurahia kuliko hafla zake zote.

Bi Ruth alifika saa nne. Alikuwa na umri kama wangu, mfupi, nywele za mvi zimekatwa karibu na kichwa, amevaa viatu vya kutembelea milimani. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, hata watoto, na alikuwa na uso wa mtu aliyejizuia tangu uwanja wa ndege. Mzee Magige alimshika kiganja kama alivyonishika mimi. Wakavuta kitenge pamoja. Vigelegele vikapanda. Mzee akaweka vidole kwenye nyota, akaizunguka pembe zote sita, akashuka kwenye jina. Akasoma kwa sauti herufi moja moja, na alipofika kwenye neno Myahudi, akalisoma kwa sauti ya juu zaidi, hadi waliokuwa barabarani wakageuka. Kisha akamsimulia habari ya zile nyota za gunia la unga. Mwalimu Wambura akatafsiri kwa Kiingereza. Bi Ruth alisikiliza akiwa ameweka mkono mdomoni.

"Fundi," mzee akasema. "Zamu yako."

Watu mia wananitazama. Nikasogea mbele ya yule mama. Nikasema kwamba jiwe hili lilikuwa refu zaidi. Nikaeleza kwamba sisi huanza na msalaba, kwamba nilikuwa naimba sauti ya pili, kwamba mkono ulijiendea wenyewe, na kwamba kwa muda wa wimbo mmoja baba yake alikuwa Mkristo wa Musoma. Nikaomba radhi. Mwalimu Wambura akatafsiri, macho yake yakiwa chini.

Bi Ruth akanitazama. Midomo yake ikatetemeka, nikajua nimemvunja moyo mtu aliyetoka mbali kiasi kile. Mabega yakaanza kucheza, bila sauti. Kisha sauti ikaja yote kwa pamoja, juu sana, kama kuku aliyekanyagwa mkia, na baada yake mlio wa kuvuta hewa ndani, na kuku tena. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akanishika bega ili asianguke, akakosa, akakaa chini kwenye ngazi ya ukumbi na viatu vyake vya milimani, anapiga paja kwa kiganja, machozi yanatiririka.

Mzee Magige alikuwa amegeuza kichwa ghafla. Akamkamata Mwalimu Wambura mkono. "Nani anacheka?"

"Ni mgeni, mzee. Ni binti."

"Hapana," mzee akasema, na sauti yake ikapasuka. "Huyo si binti. Huyo ni Mwalimu Emili. Ndivyo alivyokuwaga anacheka, hivyo hivyo, mtu akimpata ngumi nzuri. Tulikuwaga tunamsikia mpaka kule majumbani. Sijaisikia sauti hiyo tangu aondoke."

Mwalimu Wambura akatafsiri. Bi Ruth akanyamaza pale chini, mkono bado uko juu ya paja. Akasema polepole, na Mwalimu Wambura akatuambia, kwamba baba yake alikuwa mtu mkimya sana. Katika maisha yake yote hakumsikia akicheka kwa sauti. Na kicheko chake yeye, tangu utotoni, watu walikishangaa, hata mama yake alikuwa akimuuliza amekitoa wapi.

Mzee alipapasa ukuta, akashuka taratibu, akakaa kwenye ngazi kando yake. Akamshika mkono, akasogeza sikio karibu kabisa na uso wake. "Fundi," akaniita. "Hebu mwambie tena ile habari ya msalaba. Tangu mwanzo."

Miaka yote niliyofanya kazi hii, sijawahi kuombwa kurudia kosa. Nikavuta pumzi, nikaanza tena, tangu pale nilipowasha redio.